Anaongea Sana kwa Mtu Ambaye Hapo Si Kwao

Umeme ulikatika saa moja na nusu usiku. Mvua ilikuwa imeanza tangu mchana, na hapa Morogoro mvua ikishuka kutoka Uluguru namna ile, mtu huulizi itakatika saa ngapi, unafunga madirisha tu. Binti alikuwa amemaliza kuosha vyombo. Simu yangu ilibaki na chaji asilimia 40. Nikawasha tochi, nikachukua Jane Eyre yangu ya zamani, riwaya ya Mwingereza Charlotte Brontë, ile yenye gamba lililoshikizwa kwa selotepu, nikamwambia: njoo nikusomee kitu kinachofanana na usiku huu.

Nilisoma huku nikitafsiri papo hapo. Siku ya baridi na mvua ambayo haikuwezekana kutoka kwenda kutembea. Jane, mtoto wa miaka 10, amejikunja dirishani nyuma ya pazia jekundu, kitabu cha ndege kiko mapajani. Binamu yake, John Reed, wa miaka 14, anamvumbua. Anamwambia hana haki ya kushika vitabu vya nyumba ile. Anamrushia kitabu chenyewe, mtoto anaanguka, kichwa kinagonga mlango, damu inatoka. Hapo ndipo anamgeukia: wewe ni kama muuaji, kama mnyapara wa watumwa, kama wale makaisari wa Rumi!

Nikanyamaza kidogo, nikisubiri ashangilie. Mimi nilishangilia nilipofika pale mara ya kwanza.

Binti akavuta kanga ikafunika miguu, akasema taratibu:

"Anaongea sana kwa mtu ambaye hapo si kwao."

Nikacheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka 14, na minne kati ya hiyo ameishi kwangu. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, ameikubali kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje. Sentensi yake ile imenikaa kooni wiki sita sasa, kama mwiba wa samaki unaoukohoa na hautoki.

## Mtoto niliyemkumbuka

Nilimjua Jane bwenini, nikiwa na miaka 16, kwa tochi chini ya blanketi. Tangu hapo, kila nilipomsimulia mtu kitabu hiki, nilianzia palepale: mtoto mdogo, yatima, si mzuri wa sura, anamrukia mtoto wa mwenye nyumba. Nilikuwa na hotuba yangu kabisa. Nilikuwa nasema kwamba riwaya hizi za majumba ya giza, tangu Horace Walpole alipofungua mlango mwaka 1764 na riwaya yake ya ngome ya Otranto, zilijaa wasichana wa kukimbizwa. Mshumaa unazimika, mlango unalia, msichana anazimia. Emily St. Aubert, msichana wa riwaya ya Ann Radcliffe ya mwaka 1794, ni mwema, ana akili, anapenda mashairi na milima, lakini machozi yako karibu na kuzimia kuko karibu zaidi. Halafu mwaka 1847, nilikuwa namalizia kwa mbwembwe, akaja huyu mdogo akamjibu mwenye ngome.

Hotuba nzuri. Niliitoa mara nyingi, hata kwenye harusi moja.

Baada ya usiku ule nilirudi kwenye sura ya kwanza peke yangu, taratibu, nikitafuta yule shujaa wangu. Nikakuta kitu ambacho kwa miaka yote ile nilikuwa nakiruka.

Jane anatii.

John anapoita, anatoka nyuma ya pazia haraka, kwa sababu anaogopa kuburutwa. Anauliza, unataka nini? John anamsahihisha: sema, unataka nini, Bwana Reed. Anamwambia aje mbele ya kiti chake, anakwenda. Anamtolea ulimi kwa muda mrefu, Jane anasimama anauangalia tu, akijua kipigo kinafuata. Kinafuata. Kisha anamwambia akasimame mlangoni, mbali na kioo na madirisha, na mtoto anakwenda kusimama hapohapo alipoambiwa. Mwenyewe anatueleza kwamba alishazoea matusi ya John, na wazo la kumjibu halijawahi kumjia kichwani.

Kwa hiyo Jane tunayekutana naye kwanza ni mtoto aliyezoea. Ile kelele ninayoisimulia harusini ni ya paka aliyefika ukutani. Na adhabu yake, kile chumba chekundu alimofia mjomba wake, chenye baridi kwa sababu moto hauwashwi humo mara nyingi, chenye kioo ambamo anajiona mweupe kama kizuka, inaishia wapi? Mwanga unapita ukutani, anapiga ukelele, anausukuma mlango, anarudishwa ndani, anazimia.

Anazimia! Kama Emily. Na hili nililisahau kwa zaidi ya miaka 20.

Binti yangu hakuliruka lile la mwanzo. Yeye alikuwa anasikiliza sehemu ambayo mimi nilikuwa naisoma mbiombio ili nifike kwenye ugomvi.

## Maneno niliyoyachagua

Kuna jambo jingine, na hili ni la kwangu mwenyewe kabisa.

Unapotafsiri kwa mdomo, kwenye giza, huna muda wa kupima. Neno linalokuja ndilo linalotoka. Wale watumishi wanapokuja kuwaamulia na mmoja anashangaa hasira ya Jane, neno la Kiingereza pale linamwonyesha mtu aliyeshikwa na hisia kama moto, hasira iliyofurika. Adabu haimo. Mimi nilisema nini? Nilisema, "Umewahi kuona mtoto mjeuri namna hii?"

Mjeuri.

Ningeweza kusema ana ghadhabu. Ningeweza kusema amepandwa na jazba, kajaa uchungu. Kiswahili hakikosi maneno ya moto. Lakini neno lililokuwa karibu na ulimi wangu lilikuwa la mtu mzima anayemtazama mtoto kutoka juu, tena mtoto wa nyumbani kwake. Nilimpa binti Jane ambaye tayari ameshahukumiwa, kisha nikashangaa kwamba hakumshangilia.

Na kabla ya hapo nilikuwa nimetafsiri jingine. John anamwambia Jane kwamba mama amesema wewe ni mtu wa kutegemea, huna fedha, baba yako hakukuachia kitu, ungepaswa kuomba barabarani. Mimi nilisema "mtegemezi". Neno safi, la ofisini. Ndilo lililoandikwa kwenye fomu ya bima ya kazini kwangu, ile yenye safu ya wategemezi, na kwenye safu ile jina la binti liko la pili. Aliniona nikilijaza. Ndiye aliyenipa kalamu.

Bi Abbot, yule mtumishi mkali zaidi, anasema mtoto huyu ni chini hata ya mtumishi, maana hafanyi kazi yoyote ya kulipia chakula anachokula. Hiyo niliitafsiri vizuri sana. Halafu nikasikia maji yakidondoka jikoni kutoka kwenye vyombo ambavyo binti alikuwa ameviosha bila kuambiwa na mtu.

## Mkaza mjomba

Siku chache za mwanzo nilijifariji kwa ukoo. Bibi Reed si mama mdogo wa Jane. Ni mkaza mjomba. Damu ni ya mumewe, na mume alimwachia ahadi kitandani pa kufa, kwamba amlee huyu mtoto kama wake. Mimi dada yangu hakuniapisha. Hapakuwa na haja. Nilikwenda Tanga kuzika, nikarudi na mtoto na begi lake la shule.

Basi, nikasema, sisi ni hadithi nyingine.

Faraja hiyo ilidumu kama siku tatu. Nikaenda kumchimba mwandishi mwenyewe. Na hapo nikapata kitu kilichonifurahisha kupita kiasi. Charlotte Brontë alifiwa na mama yake mwaka 1821, akiwa na miaka 5. Aliyewalea ni mama yao mkubwa, Elizabeth Branwell. Huyu mama alitoka Penzance, kusini mwa Uingereza kwenye bahari na hewa ya joto kidogo, akaja Haworth, kaskazini walikoishi akina Brontë, kumuuguza mdogo wake, na hakurudi tena kwao kuishi. Aliichukia baridi ya ile nyumba ya mawe hivi kwamba alitembea humo ndani na viatu vya soli ya mbao, ko, ko, ko, kuukwepa ubaridi wa sakafu. Alipofariki mwaka 1842, aliwaachia wale mabinti fedha. Kwa fedha ile dada watatu walilipia kitabu chao cha kwanza cha mashairi mwaka 1846, kikauza nakala mbili.

Mbili. Lakini mwaka uliofuata Charlotte akatoa Jane Eyre.

Niliwasimulia watu wawili kazini habari za mama mkubwa huyu. Nikiwa namsimulia wa pili nikajisikia sauti. Nilikuwa nakusanya ushahidi wa utetezi, na hakuna aliyekuwa amenishtaki.

Na kuna swali ambalo yule mama mkubwa hanisaidii nalo. Watoto wale walilelewa kwa wema na baba yao akiwepo, ndani ya nyumba ya baba yao. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Yeye ndiye aliyekuwa akitembea kwenye baridi isiyo ya kwao.

## Miaka tisa

Mahali kitabu kiliponikamata hasa si sura ya kwanza. Ni sura ya 21, ambayo wengi tunaipita haraka kwa sababu tunataka Jane arudi Thornfield, jumba la Bwana Rochester, kwa mtu wake. Bibi Reed amepooza, yuko kufani, amemwita. Jane sasa ni msichana mkubwa, anajitegemea, mwalimu wa nyumbani kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwaka. Anakwenda akiwa tayari kusamehe. Bibi kizee hataki kusamehewa. Anakiri kwamba alificha barua ya baba mdogo wa Jane kutoka Madeira aliyetaka kumchukua awe mtoto wake, akamjibu kwamba Jane amekufa kwa homa shuleni.

Halafu anasema kitu ambacho ndicho kilichomtesa miaka yote. Hakuelewa, na mpaka anakufa haelewi, mtoto yule aliwezaje kunyamaza miaka tisa, akivumilia kila anachotendewa, kisha mwaka wa kumi akalipuka moto mtupu.

Nilikuwa kwenye foleni ya kulipia maji. Nilifunga kitabu nikakosa namba yangu ilipoitwa.

Miaka tisa ya ukimya ilikuwa mbele ya macho yake, na mwanamke huyu aliihesabu kuwa ni amani.

Sasa nieleze kitu kuhusu binti. Kila mgeni anayekuja kwangu anamsifu. Anasalimia vizuri, shikamoo zake hazina haraka. Hachagui chakula. Hapigi kelele. "Una bahati," rafiki yangu mmoja hupenda kusema, "huyu mtoto hata huwezi kujua kama yumo ndani." Nami nimekuwa nikiipokea sifa hiyo kama mtu anayesifiwa bustani.

Nilirudi nyumbani siku ile nikahesabu. Miaka minne. Hajawahi kuniambia hataki. Hajawahi kubamiza mlango. Mwanangu wa kumzaa ana miaka 9, anabamiza milango mitatu kwa siku, anasema "sitaki" kabla hajajua anapewa nini, na ugali ukiwa mgumu anasema mbele ya wageni kwamba ni mgumu. Mcheza kwao hutunzwa, na huyu anacheza kweli. Ule ujeuri wake ni hati ya nyumba. Ana uhakika kwamba hakuna neno analoweza kusema jioni ambalo litamkosesha kitanda usiku.

Binti hana hati hiyo. Au ninayo mimi na sijampa. Sijui ni lipi, na hapo ndipo wiki zangu sita zilipokwenda.

## Ladha ya chuma

Walimwengu wa wakati ule walikuwa na neno lao kwa Jane. Mwaka 1848, Elizabeth Rigby aliandika kwenye jarida la Quarterly Review kwamba huyu msichana ni mfano wa roho isiyo na nidhamu, na akaona ndani ya kitabu kile hewa ileile ya uasi iliyokuwa ikiangusha mamlaka huko Ulaya mwaka huo. Nilipokuwa kijana nilimcheka Rigby. Sasa simcheki sana. Alichokiona alikiona sawasawa: mtu asiye na nafasi anaongea kana kwamba anayo. Binti yangu aliona kitu hichohicho. Tofauti ni kwamba mmoja alikasirika na mwingine aliogopa.

Na Brontë mwenyewe aliogopa, ukisoma vizuri. Kwenye sura ya 4 Jane anamwambia Bibi Reed yote: watu wanadhani wewe ni mwema, kumbe una moyo mgumu. Bibi Reed anaondoka chumbani. Mtoto amebaki peke yake, ameshinda. Kwa dakika chache roho yake inapanuka. Kisha inashuka. Anasema kisasi kilikuwa kama mvinyo, mdomoni kitamu na chenye joto, lakini kikaacha ladha ya chuma, kama amekunywa sumu. Angependa hata akamwombe radhi, ila anajua atasukumwa mbali.

Ana miaka 10, na hana wa kumwambia.

Hii ndiyo sehemu ambayo ningemsomea binti kwanza, kama ningepata tena usiku ule. Ningemwambia: huyu naye aliogopa.

## Yule wa juu

Yeye kumbe alikuwa hajaniachia kitabu. Kesho yake alikichukua, akawa anakisoma mwenyewe na kamusi pembeni, kurasa chache kila siku. Alinicheka kwa sauti siku moja kutoka chumbani: alikuwa amefika kwa Bwana Brocklehurst, msimamizi wa shule ya bweni anayopelekwa Jane, anayemuuliza afanye nini ili asiingie motoni, na mtoto anajibu kwamba lazima awe na afya njema asife. Alikuja jikoni kunirudia jibu lile mara mbili. Shule ya Lowood aliipita kimya. Kwa Rochester alisimama: "Mama mdogo, huyu si baba mtu mzima?" Nikasema ndiyo, kamzidi kama miaka 20. Akakunja uso, akarudi kusoma.

Kisha akaniuliza swali ambalo mimi sikuliuliza bwenini.

"Huyu anayecheka juu, mbona hasemi?"

Sikutaka kumharibia hadithi, lakini alishafika alipofika, tukaongea. Jane tunampokea kwa maneno yake mwenyewe. Kitabu kinajiita tawasifu, na kila anayemwita mbaya tunamsikia kupitia kinywa cha Jane, keshajibiwa. Huyo wa juu, Bertha Mason, mke wa Rochester aliyefungiwa ghorofani Thornfield, tunampokea kama kicheko nyuma ya mlango. Amezaliwa Jamaika, ameolewa na mahari ya pauni 30,000 iliyotoka kwao kwenda kwa mume, ana moto kuliko Jane, ana umri wa kumzidi Jane, na hapewi hata sentensi moja ya kujitambulisha. Ilibidi ipite zaidi ya karne nzima, mpaka mwaka 1966, ndipo Jean Rhys, mzaliwa wa Dominika, alipoandika riwaya nzima ya kumpa huyu mwanamke utoto.

Binti akauliza kama ndiye mtumwa ambaye Jane alimtaja. Nikasema hapana, huyo alikuwa mfano tu wa maneno. Nikajisikia vibaya kusema "tu". Mwaka uleule 1847, kitabu kilipotoka London, mkataba wa Hamerton ndio kwanza ulikuwa umeanza kutumika Zanzibar, wa kuzuia watumwa kusafirishwa kwenda Uarabuni, na majahazi yaliendelea kuwachukua kwa siri. Mnyapara wa watumwa, pwani yetu, alikuwa na jina na nyumba.

Kwa Jane lilikuwa neno kali kuliko yote aliyoweza kulifikia.

## Jumamosi

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakaanga dagaa wa Mwanza. Nyanya zilishaiva, pilipili hoho ilikuwa bado kwenye ubao. Binti akaingia akasimama mlangoni, kitabu mkononi, kidole kimebana ukurasa. Nilidhani ana swali la neno.

"Mama mdogo."

"Abee, mama."

"Mimi dagaa sipendi."

Nimekuwa nikiwapika kila wiki kwa miaka minne. Mara nyingine yeye ndiye anayewapika.

Nikamuuliza, tangu lini?

"Tangu Tanga," akasema. "Mama alikuwa anajua."

Nikapunguza moto. Nikamuuliza anataka nini. Akasema hajui, akabaki pale mlangoni akifikiria.